Viza Haitolewi na Mwenye Ndege

Ni desturi njema katika misikiti yetu kwamba baada ya sala ya Ijumaa mmoja wetu husimama na kutangaza kuwa ndugu fulani au mama fulani anatarajia kusafiri nje ya nchi, basi aombewe dua ya salama. Sote huinua mikono. Baada ya dua hufuata maswali ya kawaida: unaondoka lini, unapitia wapi, mzigo umeruhusiwa kilo ngapi. Na likiulizwa swali la viza, jibu huwa limekwisha kuwa tayari: "Nimewauliza watu wa ndege, wamesema hakuna tatizo." Hapo kila mtu huridhika na mazungumzo hugeukia mambo mengine.

Mwezi huu tumeona tusimame kidogo juu ya jibu hilo, kwa sababu limekwisha kuwatia hasara ndugu zetu zaidi ya mmoja.

Mama mmoja wa Mombasa, ambaye tunamfahamu vizuri, alikuwa anakwenda Manchester kwa mwanawe. Mkaza mwana alikuwa amejifungua, na mama alitaka kuwahi akika ya mjukuu wake wa kwanza. Viza ya Uingereza alikuwa nayo mkononi, halali, aliyoipata kwa njia yake. Ili kupunguza gharama, zilinunuliwa tiketi mbili mbalimbali: moja ya kumtoa Nairobi hadi mji mmoja wa bara la Ulaya, na nyingine ya shirika jingine la bei nafuu kumtoa mji huo hadi Manchester. Kabla ya kulipa alifanya lile ambalo kila mmoja wetu angelifanya. Alipiga simu kwa shirika la kwanza akauliza: mwenye pasipoti ya Kenya akipita tu katika uwanja huo, je, anahitaji viza? Akajibiwa kwa adabu: "Hapana mama, ukipita tu huhitaji viza."

Usiku wa safari, kwenye kaunta ya Nairobi, karani alitazama tiketi ya kwanza, akaomba ya pili, akanyamaza. Kisha akamweleza kwamba kwa kuwa tiketi hizo hazikuunganishwa, begi lake lingeshushwa kule Ulaya, naye angelazimika kulichukua mwenyewe na kulipeleka upya kwenye kaunta ya shirika la pili. Kulichukua begi maana yake ni kupita kwa maofisa wa uhamiaji na kuingia katika nchi ile. Na kuingia kunahitaji viza ya Schengen, ambayo hakuwa nayo. Ndege iliondoka, mama akabaki na mabegi yake yaliyojaa nguo za mtoto. Tiketi zote mbili zilikuwa za aina isiyorudishiwa fedha.

Tuwe waadilifu katika kulitazama jambo hili. Yule wa kwenye simu hakusema uongo. Aliulizwa habari ya kupita, akajibu habari ya kupita. Wala yule wa kwenye kaunta hakudhulumu, maana aliona kwamba safari ile haikuwa ya kupita bali ya kuingia na kutoka. Mama naye hakuzembea, kwa kuwa aliuliza. Kilichokosekana ni kwamba jibu lilining'inia juu ya jambo ambalo muulizaji hakujua kuwa linafaa kutajwa, na mjibuji hakuwa na wajibu wa kulidadisi. Majibu mengi ya namna hii ni ya kweli kwa swali lililoulizwa, na yana madhara kwa safari inayokusudiwa.

Basi yafaa tujue kwanza kwamba shirika la ndege halitoi viza wala halitungi sheria ya viza. Linachokifanya ni kusoma. Karani anayetukagua viwanjani husoma katika hazina ya taarifa iitwayo Timatic, inayosimamiwa na IATA, yaani umoja wa mashirika ya ndege uliozaliwa mjini Havana mwaka 1945. Karani huandika uraia wa abiria, aina ya pasipoti, nchi anayoishi, anakokwenda na anakopitia, nayo hazina humwonyesha masharti ya pasipoti, viza na chanjo. Taarifa hizo hukusanywa kutoka kwa serikali na mashirika yenyewe, nazo hubadilishwa kila mara. Kwa hakika ni kazi kubwa, na mara nyingi sana ni sahihi. Lakini ni habari iliyopokewa kwa mwingine. Wanazuoni wetu wa hadithi walipofikiwa na habari hawakutosheka na maneno yake. Waliuliza imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na hifadhi yake ikoje. Ajabu ni kwamba sisi tuliorithi elimu hiyo tunaipokea habari ya viza kutoka kwa sauti ya simu tusiyoijua hata jina, kisha tunaifungia safari.

Tena si kila aliyevaa sare ya shirika ameitazama hazina hiyo. Wakala wa safari wa mtaani, kijana wa kituo cha simu kilichoko nchi ya mbali, binti wa ofisi ya tiketi mjini: yumkini wengine huitazama, na wengine hujibu kwa kumbukumbu ya abiria wa jana. Na hapa tuseme wazi jambo ambalo tumeliona kwa muda mrefu. Shirika moja lina ndimi mbili. Ulimi wa kuuza tiketi ni mwepesi, kwa sababu anayeuza hana hasara iwapo abiria atakwama. Ulimi wa kaunta ni mzito, kwa sababu hapo hasara ni ya shirika.

Uzito huo una sababu zake. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinayataka mashirika yahakikishe, pale abiria anapopandia, kwamba ana hati zinazotakiwa kule anakokwenda. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1987 ya kuyatoza mashirika pauni 1,000 kwa kila abiria anayefika bila hati za sawasawa, na mwaka 1991 kiwango kikapandishwa hadi pauni 2,000. Umoja wa Ulaya katika agizo lake la mwaka 2001 ulizitaka nchi wanachama ziweke faini zisizopungua yuro 3,000 kwa kila abiria. Juu ya hayo shirika hulazimika kumrudisha mtu huyo lilikomtoa. Karani mwenye mashaka saa sita za usiku, na nyuma yako kuna foleni ya watu mia, atachagua nini? Atakuzuia, maana kukuzuia hakumpigishi faini mwajiri wake.

Na hasara ya kuzuiwa ni ya nani? Wengi hatuyasomi masharti ya tiketi, ingawa tunakubali kuwa tumeyasoma. Humo huandikwa kwamba kupata hati zote za safari ni jukumu la abiria, na kwamba shirika halitawajibika kwa abiria aliyezikosa. Tena abiria akirudishwa, shirika laweza kumdai faini na nauli ya kurudi. Kwa hiyo yule aliyekwambia kwa mdomo "hakuna tatizo" amekwisha kukuandikia kwa maandishi kwamba tatizo likitokea ni lako.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Mwaka 2015 raia mmoja wa Kazakhstan aliyekuwa akiishi Cyprus kwa kibali cha ukaazi alitaka kuruka kutoka Larnaca kwenda Bucharest. Alikuwa ameiuliza wizara ya mambo ya nje ya Romania kupitia tovuti yake, akajibiwa kwamba kwa hati alizonazo hahitaji viza. Uwanjani, watumishi wa shirika la Blue Air waliwasiliana na wenzao wa Bucharest, wakaambiwa mtu huyo haruhusiwi kuingia bila viza, wakamzuia. Alikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba shirika kusema tu kuwa hati hazitoshi hakumwondolei abiria haki ya fidia. Abiria akipinga, mahakama ndiyo itakayopima kama shirika lilikuwa na sababu za kuridhisha. Ikaongeza kwamba shirika haliwezi kujikinga kwa sharti la mkataba linalofuta au kupunguza haki hiyo ya abiria. Hukumu hiyo ni faraja, lakini tusiifanye mto wa kulalia: kanuni ya fidia iliyotumika, ya mwaka 2004, huhusu safari zinazoanzia katika viwanja vya Umoja wa Ulaya, au zinazoelekea huko kwa mashirika ya huko. Anayezuiwa Dar es Salaam na shirika lisilo la Ulaya hana kanuni hiyo. Na huyu wa Larnaca alisubiri miaka mitano kasoro.

Tazameni lakini kilichompa nguvu. Ni kwamba alikuwa ameuliza kwa wenyewe, yaani serikali ya nchi anayokwenda, na jibu alikuwa nalo.

Kosa jingine lililoenea kwetu ni kuazima jibu la mwenzako. Ndugu wa Kigoma na ndugu wa Lubumbashi wanazungumza Kiswahili kimoja, wanaweza kukaa viti vilivyopakana katika ndege moja. Wakipitia uwanja wa nchi ya Schengen wakielekea bara jingine, bila kutoka nje ya eneo la wapitaji, wa Lubumbashi anatakiwa awe na viza ya kupitia uwanjani, kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya nchi 12 zilizowekewa sharti hilo na kanuni ya mwaka 2009. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha hiyo ya pamoja, ingawa kila nchi mwanachama yaweza kuwa na nyongeza yake. Lakini ndugu huyo wa Lubumbashi akiwa na kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, sharti humwondokea. Na wote wawili wakibadilisha ndege mara mbili ndani ya Schengen, tuseme Frankfurt kisha Amsterdam, basi safari ya katikati ni ya ndani, nao watakuwa wameingia. Wa Kigoma naye atahitaji viza. Nchini Marekani hali ni nyingine tena. Viwanja vya huko havina eneo la wapitaji wa kimataifa, na kila anayeshuka huhesabiwa anaingia, hata kama ndege yake ya kwenda Canada au Mexico inaondoka baada ya saa mbili.

Tena kuna habari ambayo ilikuwa ya kweli mwaka jana. Januari 2024 Kenya iliondoa viza ikaweka idhini ya safari inayoombwa kwa mtandao kabla ya kuondoka, na tangu hapo masharti yake yamerekebishwa tena. Tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar iliwataka wageni kutoka nje ya Tanzania wawe na bima ya shirika lake la bima; si viza, lakini huulizwa. Juni 2025 tangazo la Rais wa Marekani liliwagusa ndugu zetu wa Burundi katika viza za matembezi na za masomo, ila waliokwisha kuwa na viza halali siku lilipoanza kutumika hawakuzuiliwa. Kabla mwaka haujaisha orodha ikapanuliwa ikaingiza na nchi nyingine za Afrika. Hata kadi ya njano: tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa kuwa ya maisha, lakini bado wapo wanaowaambia wasafiri kuwa ya miaka kumi imekwisha muda.

Na kupanda ndege si kuingia. Machi 2012 Nigeria ilishuhudia raia wake 125 wakirudishwa na Afrika Kusini kwa madai kwamba kadi zao za njano si halali, hali ya kuwa mashirika ya ndege yalikwisha kuwapokea na kuwapandisha. Serikali ya Afrika Kusini iliomba radhi baadaye, lakini safari zilikwisha kuharibika.

Jambo hili linatuhusu zaidi sisi tunaoelekea Makka. Tangu Septemba 2019 Saudi Arabia imekuwa ikitoa viza za utalii, na wenye viza hizo huruhusiwa kufanya Umra nje ya msimu wa Hija. Hapo ndipo baadhi ya watu walipochanganyikiwa, au walipochanganywa. Shirika la ndege likiulizwa kama mwenye viza ya matembezi anaweza kuruka kwenda Jeddah, laweza kujibu ndiyo, na likawa limesema kweli. Halikuulizwa kama viza hiyo inamruhusu kuhiji, nayo haimruhusu. Hija ina viza yake na kibali chake. Mwaka 2024 serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki katika joto kali la msimu ule, na kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali. Walitembea masafa marefu juani bila hema wala mahali pa kupumzikia. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wengi wa hao walipanda ndege bila kuzuiwa na mtu.

Hatusemi kwamba mashirika yasiulizwe. Yaulizwe, tena yapo yaliyo karibu na chimbuko la habari kuliko mengine. Mashirika ya Umoja wa Falme za Kiarabu huwadhamini abiria wao kupata viza za nchi hiyo, zikiwemo za wapitaji za saa 48 na 96, na tangu Januari 2023 abiria wa baadhi ya mashirika ya Saudi Arabia huweza kuomba viza ya kupita pamoja na tiketi. Katika hali hizo karani anazungumzia kazi ya ofisi yake. Lakini hata hapo anayekubali au kukataa ni serikali.

Tunachoomba ni mpango wa kuuliza. Kwanza iulizwe nchi yenyewe, yaani ubalozi au tovuti rasmi ya uhamiaji wake, na si nchi ya mwisho peke yake bali kila nchi ambayo ndege itatua. Kisha liulizwe shirika, kwa maandishi, kwa barua pepe au ana kwa ana na mtu akaandika jina lake, na swali lisiwe "je, nahitaji viza?" Swali liwe safari nzima: pasipoti ya nchi gani na inamalizika lini, viza zipi ninazo na zinaruhusu kuingia mara ngapi, tiketi ni moja au ni mbili, begi litafika lenyewe au nitalichukua njiani, nitalala wapi ndege ikichelewa hadi asubuhi. IATA imeweka tovuti ambayo hata abiria wa kawaida anaweza kutazama masharti, na kijana yeyote wa msikitini anayejua kutumia simu anaweza kumsaidia mzee wake katika hilo kwa nusu saa. Majibu yakitofautiana, tiketi isilipiwe kwanza. Yakilingana, yachapishwe na kutiwa katika mkoba pamoja na pasipoti, na siku ya kuondoka yaulizwe mara nyingine, kwa kuwa miezi miwili inatosha serikali kubadili kanuni.

Akizuiwa mtu kwenye kaunta hali ya kuwa anaamini ana haki, asipige kelele, maana kelele humpa karani sababu ya pili. Aombe asomewe kinachoonekana katika hazina, aitwe msimamizi, aonyeshe jibu la ubalozi. Msimamizi akishikilia, aombe sababu ya kuzuiwa iandikwe, pamoja na saa na jina. Haya yote yanahitaji muda, kwa hiyo afike uwanjani mapema, saa nne kabla, na si zile mbili tulizozizoea.

Yule mama wa Mombasa alifika Manchester baada ya siku ishirini na mbili, kwa tiketi moja iliyopitia Ghuba, ambayo watoto wake walichanga upya. Akika ilikuwa imekwisha kufanyika.